Kijiji Kisichovamiwa

Fundi alikuwa anapinda sketi ya sare ya shule aliposikia baba yake, kwenye kochi mbele ya televisheni, akisema, "Hapa kuna mtu ananichezea shere." Mguu wake ukaganda kwenye kanyagio la cherehani.

"Nani tena, baba?"

"Nimelinda kijiji hiki usiku themanini wa kwenye gemu, hata fisi mmoja hajasogea getini. Nimekuwa mlinzi miaka thelathini na moja, binti yangu. Lindo la kimya hivyo halipo duniani. Ukiliona, ujue kuna mtu wa ndani kala njama."

Mtu wa ndani mwenyewe ndiye yeye, fundi. Kiharusi kilipomlegeza mzee mkono wa kushoto, mama wa mazoezi pale kliniki alimpa mpira wa kuminya. Mzee akauvurumisha uvunguni, yeye si mtoto wa chekechea! Fundi ndipo akaleta gemu ile ya kujijengea dunia. Unachimba mawe, unajenga nyumba, na giza likiingia kwenye skrini unapambana na fisi. Kidole gumba cha kulia kinazungusha upanga, cha kushoto kinakutembeza. Siku ya kwanza fisi walimuua mzee mara sita. Aliweka chini pedi ya kuchezea gemu machozi yakimlenga, akaenda kuoga, na huku nyuma fundi akafungua mipangilio, akashusha ugumu mpaka chini kabisa, palipoandikwa Amani. Hapo maadui hawatokei.

Kesho yake mzee akajenga ukuta. Fisi hawakuja, naye akajua ukuta na upanga wake ndio vimewatia adabu. Kila aliyekuja kumjulia hali alisimuliwa. "Mkono umerudi! Fisi wananiogopa." Na fundi anaitikia, "Ndiyo, wanakuogopa," huku moyo unamsuta.

Sasa mzee alikuwa amevaa miwani, anapekua mipangilio mwenyewe. Fundi alitamani umeme ukatike. Haukukatika.

"Amani," mzee alisoma. Akasoma na maelezo yake chini, polepole, mpaka nukta. "Tangu lini?"

Angeweza kudanganya. Ulimi ukakataa. "Tangu siku ile ya kwanza, baba."

"Kwa hiyo miezi saba yote nimelinda hewa. Na watu nimewatangazia."

Hakufoka, na afadhali angefoka. Alipandisha alama ikapita Rahisi, ikapita Wastani, ikapita Ngumu, ikatua kwenye Roho Moja. Fundi aliruka kutoka kwenye kiti, sindano mdomoni.

"Hapo ukifa mara moja dunia nzima inafutwa! Baba, weka Rahisi. Haya, Wastani basi!"

"Wewe uliweka yako kwa kunificha. Mimi naweka yangu unaniona." Akabonyeza.

Kilichomtia fundi hofu si zile nyumba. Alijua kijiji kikipotea, pedi nayo itafuata mpira uvunguni, na mkono ule utakuwa ndio basi tena. Giza likaingia kwenye skrini. Getini yakatokea macho mawili, kisha sita.

Mzee aliyumba kwenye skrini, akagonga ukuta alioujenga mwenyewe. Kidole gumba cha kushoto kilitetemeka. Fisi wa kwanza akaruka, upanga ukampata. "Njoo wewe!" mzee alifoka. Wa pili akamng'ata kabla ya kuanguka. Jasho lilimchuruzika mzee mpaka kidevuni, pedi ikaanza kumteleza, na fundi akanyoosha mkono kuishika.

"Usiniguse!"

Akaurudisha. Wa tatu akaanguka. Laiti angekuwa wa mwisho! Wa nne alitokea nyuma, mzee akataka kugeuka, kidole kikachelewa. Skrini ikawa nyekundu, halafu yakaja maandishi, *Dunia hii imefutwa.*

Fundi alilia waziwazi. "Nisamehe, baba. Mimi ndiye niliyekuharibia."

Mzee alikuwa anakitazama kidole chake. "Umehesabu?"

"Nini?"

"Fisi. Nimeua wangapi?"

"Watatu."

"Watatu," alisema mzee, akahema. "Hao nimewaua mimi. Hakuna aliyenipa."

Akafungua dunia mpya, tupu, haina hata jiwe juu ya jiwe. Gemu ikauliza kiwango cha ugumu. Fundi, kwa mazoea ya miezi saba ya kumsaidia, akajikuta anainama kuelekea pedi.

"Mikono yako weka pale kwenye cherehani," mzee alimwambia. "Niione."

Fundi alirudi kwenye kiti chake, akaiweka juu ya sketi ya watu. Mzee hakuigeukia skrini mpaka alipoiona mikono yote miwili.