Doa la Waridi kwenye Mabwawa ya Majitaka

Ofisini walimwita Jicho, na jina lilimkaa sawasawa. Kazi yake ilikuwa kuutazama mji kutoka juu, kwenye ramani ya mtandaoni, na kuchora paa moja baada ya jingine ili nyumba zipate anwani. Kutwa mapaa. Ukiona usichokielewa, unachimba mpaka ujue ni nini. Mwenzake mmoja aliwahi kukuta meli nchi kavu. Kumbe ni ukumbi wa harusi.

Siku hiyo Jicho alikuwa amefika kwenye mabwawa ya majitaka, kule vyoo vya mji mzima vinakomwagwa. Maji ya kahawia, povu ukingoni, mapande yanayoelea ambayo hata hakutaka kuyafikiria. Na kando ya bwawa la kwanza, doa la waridi.

Akaivuta picha karibu. Lilikuwa boza, lori la tangi, na hilo doa lilikuwa mfuniko wake. Sasa mtu mwenye akili zake atapakaje mfuniko wa boza rangi ya waridi? Na mtu huyo Jicho alimjua. Shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, alipaka chumba cha mtoto rangi hiyo, na iliyobaki akaimalizia kwenye mfuniko ulioshika kutu. Walipomcheka alijibu, "Nani ataona huko juu? Kunguru?"

Na shemeji aliuza maji safi. Kaandika hivyo ubavuni mwa boza, herufi kubwa. Tangi la mama mkwe wake, mama yake Jicho, alilijaza bure, na mama akamsifu mpaka majirani wakachoka. Mama huyo huyo ambaye tumbo lake halikutulia tangu mvua zianze, amekonda mpaka nguo zinamning'inia.

Labda alipita tu pale, Jicho alijiambia. Akafungua picha za zamani. Doa lipo. Nyingine, lipo, na bomba limetoka nyuma ya boza limezama bwawani. Nyingine tena, loo, doa liko uani kwa mama, na bomba lile lile limeingia kwenye tangi la nyumba.

Asubuhi hiyo alikuwa amepigia mswaki maji ya tangi hilo. Chai pia. Jicho aliinamia ndoo ya taka, akatapika mbele ya wenzake.

Aliomba ruhusa akaenda moja kwa moja nyumbani. Alimkuta shemeji uani, boza linaunguruma, anajaza tangi. Dada amekaa kizingitini na mtoto mapajani. Jicho akamwekea shemeji simu chini ya pua.

"Shemeji, hili si boza lako?"

Akatazama, akacheka kidogo. "Ndilo. Kwani kuna nini? Nikishamwaga majitaka kule naliosha. Sabuni, dawa, kila kitu. Hata sufuria si mnaosha mkapikia tena?"

Sufuria! Mwanamume mzima na ndevu zake, anafananisha kinyesi cha mji na ukoko wa wali, wala uso haumwivi.

Mama akatoka ndani, bilauri ya maji mkononi, keshainywa nusu. "Mnamwandama nini mkwe wangu?"

"Mama, usimsikilize huyu," dada akadakia. "Linaoshwa vizuri, mimi mwenyewe nimeshuhudia."

"Umeshuhudia?" Jicho akamgeukia. "Kwa hiyo dada ulijua?"

"Nilijua linaoshwa! Tena maji hayana neno, ukiyachemsha. Ila huyu mwanangu simpi, tumbo lake bado changa. Yake nachota kwa jirani."

Mama aliitazama bilauri, kisha akamtazama binti yake wa kwanza, taratibu, kama anayemtafuta mtu aliyemzoea.

"Na tumbo hili langu," akauliza, "lililokubeba wewe?"

Dada aliinamia nepi ya mtoto, akaanza kuifunga upya ingawa haikuwa imefunguka. Maji yaliendelea kuingia tangini mpaka yakafurika, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuyafunga.