Uwanja wa Rivasi

Madereva wenzake walimwita Rivasi, maana alirudisha lori nyuma kwenye kichochoro ambacho wengine wangepita kwa miguu wakijibana. Alipostaafu akajenga ghala nyuma ya nyumba ya mama yake, na kila kitu akakipima kwa lori lake: kimo cha jukwaa la kupakulia mizigo, upana wa mlango, uwanja wa kugeuzia. Kiwanja chote kikawekwa rehani, mama akatia dole gumba. Benki ilitoa nusu ya mkopo. Nusu ya pili, ya bati na sakafu, ikangoja mkaguzi.

Mkaguzi wa benki alikuja na trela, aujaribu uwanja. Dereva wake akaingia, akatoka, akaingia tena. Kichwa kilibaki barabarani, mkia haujalikaribia jukwaa.

"Shuka, kijana," Rivasi akasema. "Nipe usukani."

Jasho lilimtoka mpaka kwenye kope. Trela si lori. Linajikunja kiunoni kama nyoka. Alikwangua ukuta wa jiko la mama yake, akazima injini, akashuka.

"Mzee, usukani unaujua," mkaguzi alisema. "Lakini benki haikopeshi mikono yako, inakopesha ghala. Wapangaji wa maana wana matrela. Jukwaa utaliinua kwa zege. Uwanja je?"

"Nitauongeza."

"Wapi?"

Rivasi akaitazama nyumba, akainamisha kichwa. "Na nisipoipata hiyo nusu?"

"Ghala bila bati litakulipia nini? Kiwanja kitauzwa, na nyumba humohumo."

Mama alikuwa kwenye mlango wa uani, akipepeta mchele. "Kwa hiyo nikikubali inabomolewa, nikikataa inauzwa," alisema. "Nilidhani umejenga ghala nyuma ya nyumba yangu, mwanangu. Kumbe mimi ndiye niliyekaa mbele ya ghala lako."

"Nitakupangia chumba kizuri, mama."

"Mwachie dada yako anitafutie. Wewe na vipimo hampatani."

Mkaguzi akasimama jukwaani na futi yake, akatafuta wa kushika ncha. Mama akaweka ungo chini, akaishika mwenyewe, akaanza kurudi kinyumenyume: kizingiti, ukumbi, chumba chake cha kulala.

"Bado, bibi."

Akakizunguka kitanda.

"Bado kidogo."

Na Rivasi, kwa mazoea ya miaka yote ya kuwaongoza wenzake wakirudisha malori nyuma, akajikuta mlangoni anampungia mkono: njoo, njoo, njoo.