Olga Amefika Kasongo

Josué alizima pikipiki sokoni Kasongo, akaketi kwenye benchi la Séraphine, muuza chikwangue, mkate wa muhogo uliofungwa kwa majani, na kuwasha Bluetooth. Kwa kawaida alimletea nyimbo za kwaya alizookota kwenye simu za wenzake safarini. Siku hiyo alileta picha.

"Mama Olga, usisogeze simu. Iko naingia polepole."

Olga alikuwa binti wa Séraphine, aliyekwenda Salamabila kuwapikia wachimba dhahabu. Habari ya kifo chake ilifika kabla ya mvua: malaria, wamekwisha kumzika. Picha aliipiga rafiki yake Nadine siku chache baada ya maziko: alipiga shimo la dhahabu, na Olga akatokea ndani yake. Kwa kuwa kule mtandao hakuna, aliirusha kwenye simu ya dereva wa pikipiki, naye akamrushia mwenzake wa kijiji cha Wamaza, mpaka ikamfikia Josué.

Olga alitembea njia nzima. Kwenye simu ya Nadine alisimama mdomoni mwa shimo. Kwenye simu ya Wamaza alikuwa kando ya barabara, viatu mkononi. Kwa Josué alikuwa ameshavuka mto Luama na kitenge kimelowa. Mkono wa mwanamume ulimkaba shingo, na kila simu iliuongeza: kiwiko, kisha bega.

Picha ilipomaliza kuingia, Olga alikuwa ameketi kwenye benchi la mama yake, na mwenye mkono alionekana uso. Alikuwa Roger, mwenye shimo, aliyeleta mchele kwenye matanga na kuomba sala ndefu kuliko padri.

"Mutoto amekonda," alisema Séraphine.

"Njia iko murefu, mama."

Séraphine akaenda polisi. Ofisa akataka arushiwe picha iwe ushahidi. Wakaweka simu ubavu kwa ubavu.

"Mimi niko naona Monsieur Roger peke yake," alisema ofisa. "Kupigwa foto iko kosa?"

Séraphine akatazama. Ni kweli: kwenye simu ya ofisa Roger alisimama peke yake, vidole vimekaba hewa. Olga alibaki kwenye simu ya mama yake. Alikuwa amefika, hakutaka kusafiri tena.

"Nimeelewa," alisema Séraphine, akaaga.

Roger bado huja Kasongo, na watu huinuka kumsalimu. Asubuhi Séraphine hupeleka simu kwenye kibanda cha kuchaji. Wengine huziacha zao na kwenda shughuli zao. Yeye husubiri papo hapo mpaka ijae, kwa sababu Olga hapendi kuachwa na watu asiowajua.