Umeme wa Sauna

Ilpo Hakkarainen alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kuuliza kulimshinda. Angeweza kuzunguka mji wa Tampere saa mbili nzima akitafuta duka la misumari, mkewe Marketta kanuna kando yake, kuliko kushusha kioo cha gari amwulize mpita njia.

Basi Februari akanunua mashine ya kuchomelea chuma, tena ya kiwandani. Alitaka kujitengenezea jiko la kuni la sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, maana lile la umeme, eti, halitoi mvuke wa kiume. Alipoiwasha gerejini, fyuzi zikaruka. Akabadilisha, zikaruka tena. Mashine ilitaka umeme mkubwa, wa fezi tatu, na soketi alizozijua yeye mle gerejini zilikuwa za kuwashia redio.

Fundi mwenye leseni angelimaliza jambo hilo asubuhi moja. Lakini fundi sharti umwulize! Ilpo akafungua kebo ya jiko la sauna, lililokuwa la fezi tatu, akaipitisha dirishani hadi gerejini, sauna ikabaki baridi.

"Siku mbili tu, mke wangu," akasema.

Hii ilikuwa wiki ya saba.

Aliyeumia hasa ni mzee Armas, baba yake Marketta, mwenye miaka tisini na moja. Kila Jumamosi teksi ilimleta kutoka makao ya wazee kwa jambo moja tu, sauna. Kule makaoni walimkalisha kwenye kiti cha plastiki, wakammwagia maji, wakasema huko ndiko kuoga. Na hapa, Jumamosi sita mfululizo, alipewa kahawa, mkate wa iliki, na pole.

Jumamosi ya saba hakuitaka kahawa. Alivua nguo, akajifunga taulo, akaenda kuketi kwenye benchi la juu, ndani ya sauna baridi.

"Baba, hakuna moto humo!" Marketta akapiga kelele.

"Najua. Nasubiri."

Ilpo akaja mbio, kofia ya kuchomelea kichwani. "Mzee, utapata homa bure. Umebaki mshono mmoja tu wa jiko."

"Umeme unautoa wapi, mkwe?"

Ilpo akaeleza ujanja wake wa dirishani, kwa madaha kabisa. Mzee akamtazama. Miaka arobaini alikuwa fundi wa umeme, na nyumba hii aliijenga yeye kabla ya kuwaachia.

"Gerejini kuna soketi ya fezi tatu," akasema. "Niliiweka kwa ajili ya msumeno wangu. Iko nyuma ya lile kabati lako la makopo ya rangi."

Ilpo akaivua kofia ya kuchomelea.

"Baba, mbona hukusema?" Marketta akauliza.

"Nani kaniuliza?"

Kurudisha kebo na kulipasha jiko moto kungechukua saa tatu, na teksi ilikuwa inakuja baada ya mbili.

"Jumamosi ijayo, mzee. Naapa!"

"Kwani mimi nimebakiwa na Jumamosi ngapi?"

Marketta akageuka, macho yamemwiva. "Nenda kwa Veijo hapo jirani. Sauna yake iko moto sasa hivi. Mwombe amruhusu Baba aingie. Neno moja tu, Ilpo, nakusihi."

Ilpo akaenda. Akavuka theluji hadi kwenye lango la jirani, akalishika. Ndani alisikia vicheko. Naomba, alijaribu kimoyomoyo, naomba. Na huyu Veijo ndiye aliyewahi kumshauri aite fundi, yeye akamwambia ashike lake! Akaliachia lango. Akarudi.

"Hawapo," akasema.

Marketta akatazama nje juu ya bega la mumewe. Bomba la moshi la jirani lilikuwa linafuka, na Veijo mwenyewe alisimama barazani na taulo kiunoni, mwekundu, mvuke ukimtoka mabegani.

Marketta alimvika baba yake koti juu ya taulo, akamvalisha viatu, akamshika mkono, wakatoka polepole.

"Veijo!" aliita kabla hata hawajafika langoni. "Mna nafasi ya mtu mmoja?"

"Aa, Armas! Njooni, njooni nyote!"

Ilpo akabaki mlangoni na kofia yake. Umeme wote wa nyumba ulikuwa wake sasa. Alimngoja Marketta ageuke amwite, lakini Marketta alikuwa ameshalifunga lango.