Imepokelewa

Mnara wa mtandao ulisimama juu ya paa la kiwanda cha nguo, kwa hiyo jengo lilipoporomoka saa moja asubuhi liliondoka na mawasiliano ya mtaa mzima. Simu zikabaki saa na tochi tu. Lakini fundi simu alijua kwamba simu mbili zilizo karibu hazihitaji mnara ili kuonana. Saa nne alipanda juu ya kifusi upande wa magharibi, akaiamuru simu yake itafute zilizo jirani.

Majina yakajipanga kwenye kioo: Usiniguse. Mke Mdogo. Nyuki.

"Nyuki ndiye nani?" akauliza shemeji yake, aliyemfuata nyuma akitambaa.

"Dada. Alijiita hivyo kwa sababu ya mlio wa cherehani."

"Cherehani wapi! Ni huo ulimi wake," shemeji akasema, akacheka, kisha uso ukamkunjamana. "Mtumie kitu, shemu. Chochote."

Fundi akatuma picha. Baada ya sekunde tisa kioo kikaandika: Imepokelewa.

"Yuko hai!" shemeji akapiga ukelele. "Mke wangu kabonyeza 'Pokea' mwenyewe!" Watu waliokuwa chini wakashangilia.

Fundi hakushangilia. Simu ile haikuwa na desturi ya kumwuliza mtu. Mwaka uliopita aliipanga yeye mwenyewe ipokee kila kinachotoka kwake, kwa kuwa dada alichoka kukatizwa kazi kila alipotumiwa mitindo ya nguo. Ingepokea ikiwa mezani, mfukoni, au chini ya zege. Ilichothibitisha ni kwamba betri haijaisha.

Mkuu wa uokoaji akaja. Alikuwa na winchi moja. Upande wa mashariki, mwashi mmoja alisema amesikia mtu akigonga bomba, mara tatu tatu. Wengine waliotega sikio hawakusikia kitu.

"Fundi, una hakika huyu amepokea?"

"Imepokelewa," fundi akajibu, akamwonyesha kioo.

"Haya, leteni mashine huku."

Alijiambia atasema winchi ikifika. Ikafika. Akajiambia atasema wakiinua bamba la kwanza. Wakaliinua, na la pili, na kila bamba lilimwongezea uzito ulimini. Tena, nani ajuaye? Pengine dada alikuwa hai kweli. Mfa maji hukamata maji.

Saa kumi wakamfikia. Daktari hakuhitaji hata dakika mbili. Boriti ilimpiga kichwani, akafa papo hapo. Mwili ulikuwa umeshakakamaa. Simu ilikuwa mfukoni, mkono ukiwa mbali nayo.

Shemeji alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akamshika fundi mkono. "Asante, shemu. Bila wewe tungezika nini?"

Mkuu akarudi kutoka mashariki akivua glavu.

"Poleni," akasema. "Huko sasa na mimi nimesikiliza, sijasikia kitu. Mwashi anasema kugonga kulikoma saa nane. Tunahamisha mashine." Akamtazama fundi. "Daktari anasema dada yako alikufa jengo lilipoanguka. Sasa saa nne nani alibonyeza?"

"Hakuna. Inajipokelea yenyewe. Niliipanga mimi."

"Ulijua lini?"

"Tangu hiyo saa nne."

Shemeji akauachia mkono wake.

Mkuu hakupaza sauti. Alinyoosha kidole ng'ambo ya kifusi, mahali mwashi alipokuwa amelala kifudifudi, sikio kwenye bomba. Kando yake alichutama mwanamke mmoja, akigonga bomba kwa jiwe, akisubiri, akigonga tena.

"Mwanawe alikuwa anakata vitambaa chumba cha chini," mkuu akasema. "Ananiuliza kwa nini mashine haikuanzia kwake. Mimi jibu sina. Nenda kamweleze wewe."

Fundi akaanza kushuka, akipima kila bamba kwa mguu kabla ya kulikanyaga. Mwanamke alipomwona anakuja akamwashiria kwa mkono asifanye kelele.