Pua ya Bi Punje

Mtaani walimwita Bi Punje, na jina hilo hakupewa bure. Mama mkwe wangu akiona punje moja ya wali imeanguka sakafuni, aliinama na mgongo wake ule mbovu, akaiokota, akaiweka kwenye kikombe cha makombo ya kuku wa jirani. Kuku wenyewe hawakuwa wetu. Nilimwambia mara nyingi, "Mama, unafuga kuku wa watu." Naye akanijibu, "Na wewe unafuga pipa la taka. Tuone nani atakula mayai." Jirani alileta mayai kweli, basi nikanyamaza.

Kwenye jiko lake chakula hakikutupwa, kilihama tu. Wali wa jana uliamka asubuhi umekaangwa na kitunguu. Viazi vya kuponda vilivyobaki vilifinyangwa, vikachovywa kwenye yai, vikarudi mezani na sura mpya. Mkate uliokauka aliukausha zaidi kwenye kikaango, akausaga kwa chupa, ukawa unga wa kuviringishia samaki. Mabua ya mboga na maganda ya karoti aliyachemsha, akachuja, na supu yake niliisifia mbele ya wageni kabla sijajua imetoka wapi. Nilipojua nilikasirika, ila bakuli lilikuwa limeshakuwa tupu.

Mume wangu ni fundi wa mafriji, na kama ilivyo kwa mafundi wengi, friji ya kwake ndiyo iliyokuwa ikikoroma na kuzima ikijisikia. Kwa hiyo Mama hakuitegemea friji. Alitegemea pua. Alifunua kila bakuli, akafumba macho, akavuta pumzi mara moja tu, halafu akatoa hukumu. "Hiki kiliwe sasa hivi." "Hiki kinaweza kungoja kesho." "Hiki kimetuaga." Hapakuwa na rufaa. Miaka yote niliyokaa kwenye nyumba ile, hakuna aliyewahi kuumwa tumbo kwa kiporo cha Mama. Mimi ni mtu wa saluni, nashinda kwenye dawa za nywele, pua yangu imeshakufa nusu, kwa hiyo sikuthubutu kushindana naye.

Tulinuniana, sitaficha. Nilitaka siku moja nile chakula kisichokuwa na historia. Lakini hata siku za kununiana nilijua kwamba jiko lile ndilo lililomsimamisha. Magoti yalishamgomea, macho yalishaanza kumdanganya, na kilichobaki kumfanya awe mtu wa kutegemewa nyumbani ni pua hiyo. Ukimtoa jikoni umemkalisha kwenye kiti, na sijui angekaa hapo akingoja nini.

Msimu wa mvua uliopita alishikwa na homa iliyomlaza kitandani. Alipoinuka alirudi jikoni kama kawaida, lakini mambo yakaanza kwenda kombo. Mchuzi ulikuja na chumvi ya kukunja uso. Nikamtania, "Mama, leo chumvi imeanguka na mfuko wake?" Zamani angenipa kidonge changu palepale. Safari hii alicheka kidogo na kusogeza jagi la maji karibu yangu. Siku nyingine maziwa yaliungua yeye akiwa humo humo jikoni, amelipa jiko mgongo, anachambua maharagwe. Jirani ndiye aliyepiga kelele kutoka ng'ambo ya ukuta. Nilikimbia nikakuta sufuria imekuwa nyeusi na Mama ametulia na ungo wake.

"Mama! Hata hii harufu?"

"Nilikuwa na mawazo, mwanangu," akasema, akainuka haraka kuliko magoti yake yalivyoruhusu.

Nikasema moyoni, uzee huo. Nikasugua sufuria kwa hasira.

Wakati huohuo ukazuka mchezo mpya kati yake na binti yetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule. Walikuwa wakiitana mke mwenza, kwa ajili ya babu ambaye mtoto hata hakumkuta hai. Sasa kila mchana nilisikia, "Mke mwenzangu, njoo unuse hiki uniambie kinafaa kwa mume wetu." Mtoto alikuja mbio, akafumba macho, akavuta pumzi kama alivyomwona bibi yake akifanya, akatangaza, "Kinafaa!" au "Kimetuaga!" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilidhani anamrithisha kazi. Nilimsimulia kila mteja aliyeketi kwenye kiti changu cha saluni.

Siku ya mkasa ilikuwa Jumapili. Jumamosi Mama alipika mchuzi wa nyama, ukabaki nusu sufuria, ukaingia friji. Jumapili asubuhi friji ilikuwa imezima, na hakuna aliyejua imezima tangu lini. Mimi nilishatoka, maana wikendi ndiyo siku ya vichwa. Mtoto alikuwa na mafua, kamasi mpaka kwenye mdomo. Mchana Mama aliutoa mchuzi, akaukaangia kitunguu kipya na nyanya, akaukamulia limau. Mume wangu alipoonja akasema, "Mbona mchachu kidogo?" Mama akamjibu kwamba ni limau. Wakala. Mimi nilikula saluni, na hiyo ndiyo sababu niliweza kusimama jioni ile.

Nilipofungua mlango jua halijazama, mume wangu alikuwa amekumbatia ndoo. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, amelegea, midomo imekauka, macho yamezama ndani. Nilimwita hakuitika. Mama alikuwa amepiga magoti kando yake, anamlazimisha maji kwa kijiko na maji yanatoka pembeni. Sikumuuliza mtu kitu. Nilimbeba mtoto mgongoni, nikatoka mbio na viatu vya saluni, nikasimamisha gari la kwanza lililopita.

Hospitali walimtundikia maji. Muuguzi alitafuta mshipa kwenye mkono ule mdogo, akaukosa, akatafuta kwenye mguu. Mtoto hakulia, na kutolia kwake ndiko kulikonitisha kuliko yote. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikiangalia matone yanavyoshuka, roho mkononi, nikimwahidi Mungu mambo ambayo sina uwezo nayo. Matone yalivyoendelea, vidole vikaanza kupata joto. Baadaye akafumbua macho, akanitafuta, akanong'ona.

"Mama, usimgombeze bibi."

"Kwa nini nimgombeze?"

"Ni mimi niliyenusa. Pua ilikuwa imeziba. Nikasema kinafaa."

Nilimwambia haya ni mambo ya mchezo tu, alale. Akatikisa kichwa. "Siyo mchezo. Bibi hasikii harufu. Aliniambia ni siri ya wake wenza." Kisha machozi yakamtoka, yeye ambaye sindano haikumliza. Alikuwa ameketi na mzigo huo kifuani tangu mchana, mtoto wa kiasi kile, akiamini kwamba amemuua baba yake.

Baba yake alifika akijikokota, ameshika tumbo lakini yu mzima. Nilimwachia kitanda, nikarudi nyumbani kuchukua nguo. Njia nzima nilipanga maneno, tena makali, moja baada ya jingine.

Nilimkuta Mama amekaa kwenye kigoda uani, anasugua sufuria ya ule mchuzi kwa jivu. Ilikuwa imeshang'aa zamani, bado anasugua. Karibu na mlango wa choo palikuwa na ndoo na maji ya dawa, nikaelewa kwamba naye alikuwa ametapika na kujisafishia mwenyewe, hakumwambia mtu.

"Anaendeleaje?" akauliza.

"Ameamka. Mama, tangu lini husikii harufu?"

Mikono ikasimama. Kwa muda nikadhani atakana, na nilitaka akane ili nipate pa kumalizia hasira zangu.

"Tangu ile homa," akasema. "Nilingoja pua irudi. Kila asubuhi naanza na kitunguu. Nakikata, machozi yananitoka, harufu siipati."

"Na ukanyamaza! Ukampa mtoto mdogo kazi ya kutulinda! Ungemuua mwanangu, Mama. Ungemuua!"

Nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akabweka. Nilisema maneno yote niliyoyapanga na mengine ambayo sikuyapanga. Mama hakujitetea. Aliinamisha kichwa kama mtu anayenyeshewa mbali na nyumba.

"Najua," akasema nilipomaliza pumzi. "Ningewaambia, mngesema Mama pumzika. Mngesema kwa upendo kabisa. Mimi neno hilo ndilo nililiogopa." Akafuta mikono kwenye kanga. "Na siyo chakula tu, mwanangu. Chakula ni kama natafuna karatasi, nimezoea. Ila nikikunja nguo za huyu mtoto naziweka usoni, hakuna kitu. Kama hazijawahi kuvaliwa na mtu."

Hasira ikaniishia. Nilitamani ibaki, maana ilikuwa rahisi kuibeba kuliko kile kilichokuja baada yake. Niliketi chini kwenye jivu lile na sketi yangu ya kazini, tukalia pamoja, mimi na mwanamke niliyegombana naye kwa ajili ya maganda ya karoti. Kisha tukanawa, nikachukua nguo za mtoto, nikaondoka.

Mtoto alirudi nyumbani mnyonge lakini anadai chakula. Mume wangu aliitengeneza friji hatimaye. Ilichukua asubuhi moja, na alipomaliza alikaa mbele yake muda mrefu. Tulikubaliana kwamba Mama ataendelea kupika, maana hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kumwambia apumzike. Mtoto asiitwe tena kunusa. Viporo nitavisimamia mimi: kikishapoa kiingie friji, kikikaa kupita kesho yake kitoke.

"Na ukiwa na wasiwasi na kitu, Mama, kiache mpaka nirudi. Nitanusa mimi."

"Wewe na dawa zako za nywele?" akasema, na kwa dakika moja alikuwa Bi Punje wangu wa zamani. Nikacheka. Nikaamini kwamba tumevuka.

Lakini nilianza kuona mabadiliko. Asubuhi wali wa kukaanga haukuwepo tena. Mkate ukikauka haukurudi na sura nyingine. Jirani aliniuliza kwa utani kama tumewasusa kuku wake. Nilifikiri Mama amejifunza kupika kidogo kidogo, chakula cha kutosha na kuisha, na kusema kweli nilifurahi. Nikawa nakula chakula kisicho na historia, kama nilivyotaka.

Siku moja wateja walikuwa wachache, nikafunga saluni mapema. Kabla sijafika mlangoni nilipokewa na harufu ya maharagwe, nzito, yenye kitunguu na nazi, ambayo hata pua yangu mbovu iliweza kuikamata. Mate yalinijaa mdomoni. Nilipita moja kwa moja hadi uani.

Mama alikuwa amesimama kwenye pipa la taka. Sufuria ameishika kwa matambara mawili, bado inatoa mvuke, na nusu ya maharagwe ilikuwa imeshaingia ndani.

"Mama, unafanya nini? Si umeyapika leo?"

"Nimeyapika leo."

"Yameungua?"

"Hapana. Sijui. Nadhani hapana."

"Sasa?"

Alinitazama kama mtoto aliyekutwa na kosa.

"Niliyaepua nikayafunika, nikaenda kuanua nguo. Nikakawia kidogo. Niliporudi yalikuwa yamekaa peke yake." Akaitazama sufuria. "Najuaje, mwanangu? Niambie wewe. Najuaje?"

Nilimwuliza ni mara ngapi amefanya hivi. Nilichungulia ndani ya pipa nikaona chini ya maharagwe kuna wali mweupe kabisa, na chini ya wali kuna viazi.

Nilichukua kijiko, nikachota kilichobaki kwenye sufuria, nikala. Yalikuwa matamu. Chumvi ilikuwa imekaa sawasawa. Alikuwa amejifunza kuipima kwa kijiko, yeye ambaye maisha yake yote alitia kwa vidole.

"Mazuri, Mama. Mazuri sana. Onja na wewe."

Hakuonja. Alikuwa ananitazama usoni, anatafuta kama kuna kitu kinaanza kubadilika. Nilipochota kijiko cha pili akaitua sufuria, akanishika mkono.

"Usile," akasema. "Nakuomba, mwanangu. Usile."

Nilikiweka kijiko chini. Nikamshikia mfuniko wa pipa, akamwaga yaliyobaki.