Sakafu Yenye Kiu

Asubuhi ile Fidelis fundi alipiga magoti kwenye wodi mpya ya wazazi, akaziba nyufa za sakafu kwa niru, ule uji mwembamba wa saruji. Jua lilipopanda, sakafu ilikuwa imeinywa niru yote. Nyufa zilirudi chumba kizima kama jaruba la mpunga lililokauka.

"Shikamoo mama Kristina," alimwambia nesi mlangoni. "Hizi si nyufa tena. Sakafu ina kiu."

"Marahaba. Si nilikwambia uimwagilie?"

"Kwa maji gani, mama?"

Swali la haki hilo. Zege bichi lisiponyweshwa hupasuka, hata mtoto anajua. Lakini kijito kilikuwa kimezibwa huko juu mlimani na Bwana Innocent, mwenye nyumba ya wageni, ili bwawa lake la kuogelea lijae. Wanakijiji walikwenda kumlalamikia, wakapewa soda, wakarudi. Ndiyo hivyo tena, mwenye nguvu mpishe.

Basi sakafu ikajitafutia. Ilikunywa maji ya kudekia kabla tambara halijagusa chini. Chupa ya dripu ilikauka ingali imefungwa. Aliyeingia humo alitoka midomo imebabuka. Kristina aliogopa, akaogopa hasa, maana mimba ya Prisca, mke wa mwalimu, ilikuwa imetimia, na wodi ya zamani ilishabomolewa.

"Tusimlaze mzazi humu, mzee," alimwomba mwenyekiti wa kijiji, Mzee Dominiko.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," mwenyekiti alijibu. Watu wa vikao hawakosi methali, hata isiyohusika.

Uchungu ulimshika Prisca adhuhuri. Hajafika kitandani, chupa yake ikapasuka. Maji yake ya uzazi yalishuka, lakini hayakulowesha kitu. Pale aliposimama nyufa zilijifumba moja moja, kwa mlio mdogo wa mtu anayemeza.

"Nesi, inanivuta!" Prisca alimng'ang'ania shingoni. "Inamvuta mwanangu!"

Kristina alimbeba juu juu hadi kitandani, anamwita Bikira Maria na marehemu mama yake kwa pamoja.

Mtoto alizaliwa mkavu, ngozi inachakacha kama maganda ya mahindi. Hakulia. Walimdondoshea maji kwa kijiko, tone kwa tone, mpaka akafungua jicho moja. Kristina ndiye aliyelia, ila machozi yake yalitoweka kabla hayajafika kidevuni.

Jioni mwenyekiti alikuja kutoa pongezi. Kutoka juu mlimani zilisikika kelele za wageni wakiogelea. Alichuchumaa, akapitisha kiganja pale Prisca aliposimama. Palikuwa laini, panang'aa, hapana hata mkwaruzo. Akazitazama nyufa zilizobaki upande wa dirishani, akainuka, akajikung'uta suruali.

"Nesi," aliuliza kwa upole, "mwingine anayekaribia kujifungua ni nani?"